Tulisimama Manyoni kunywa chai, tukajikuta tumekaa ndani ya behewa

Mtoto wa Kota

Wakuu, habari za jioni. Nimerudi kutoka Kigoma siku nne zilizopita na jambo hili bado limenikaa. Nimeona niliweke hapa kwa sababu najua humu kuna watoto wa reli wengi kuliko wanaojitangaza.

Wakati wa kwenda tulilala Dodoma. Saa kumi na moja alfajiri tukawasha gari, mimi, mama watoto na wanangu wawili, safari ya Tabora. Tulikubaliana hakuna kusimama njiani, mikate na chupa ya chai vilikuwa ndani ya gari. Bahi tukaipita giza halijaisha vizuri. Kintinku jua likatukuta kwa nyuma, tukapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, na saa moja na dakika kadhaa tukawa Manyoni. Hapo mwanangu mdogo wa miaka saba akasema anasikia harufu ya chapati. Vioo vilikuwa vimeshushwa. Kweli, harufu ilikuwepo, na ilikuwa ya mafuta ya alizeti, si haya ya madumu tunayokaangia Dar.

Nikaacha lami nikaingia mjini, upande wa stesheni. Tukaifuata harufu mpaka kwenye kibanda kirefu chembamba cha tofali, hakina kibao wala jina, kimepakwa nyekundu iliyoiva, ile ya vichwa vya treni vya enzi za East African Railways. Nje kuna mwarobaini, na kwenye tawi kimening'inizwa kipande cha reli kama mkono mmoja hivi, na nati kubwa ya kukigongea. Waliosoma shule za msingi za zamani wanaijua hiyo kengele.

Ndani ndipo nilipochoka. Mabenchi yametazamana mawili mawili na meza katikati, njia nyembamba imepita pembeni, kama behewa la daraja la pili. Madirisha madogo ya mbao, ya kupandisha na kushusha. Ukuta mzima wa kushoto umechorwa mstari mmoja mweusi wenye vijiti vifupi vya kukatisha, na kando ya mstari majina kwa mkono wa mtu mwenye mwandiko wa shule ya zamani: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kimamba, Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe, Igandu, Dodoma, Bahi, Kintinku, Saranda, Manyoni, unaendelea hivyo mpaka mlangoni kwa nyuma, ambako umeandikwa Kigoma na kuchorwa mawimbi matatu ya bluu.

Na bei za chakula zimeandikwa kwa madaraja. Daraja la tatu: chai ya rangi, maandazi mawili. Daraja la pili: supu ya ng'ombe na chapati. Daraja la kwanza: supu ya kuku wa kienyeji, chapati mbili, na chai ya maziwa yenye tangawizi.

Mwenye kibanda ni mama wa makamo, kitenge kiunoni, anasukuma chapati bila kuziangalia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibuni. Mnapanda daraja gani?" Alikuwa anauliza kabisa, akisubiri jibu. Mke wangu akasema, "Watoto la tatu, sisi la kwanza." Akacheka, akasema watoto hawapandi peke yao, akawapa supu na wao.

Wakuu, ile supu. Kuku wa Singida anajulikana, sina haja ya kumtangaza, lakini huyu alikuwa amechemshwa tangu usiku kwa moto mdogo mpaka mchuzi umekuwa na rangi ya asali na vijiduara vya mafuta juu. Hakuna kiungo zaidi ya chumvi, kitunguu na tangawizi. Ndimu imekatwa mbele yetu, pilipili mbuzi iko kwenye kisahani peke yake, unajipimia mwenyewe. Chapati akikutolea anaibana kati ya viganja na kuipiga mara moja, inafunguka tabaka kwa tabaka, mvuke unatoka. Mwanangu aliichana akaitumbukiza, akanyamaza. Mtoto ambaye tangu Dodoma hajafunga mdomo.

Nikamuuliza mama habari ya ukuta. Akasema mume wake alikuwa gadi wa treni, amefariki miaka kadhaa sasa. Alipostaafu alikuwa haishi kutaja stesheni, hata akiwa amelala. Akamwambia, ziandike basi, tupumzike. Akaziandika kwa wiki mbili, kwa rangi iliyobaki ya mlango.

Nikamwambia baba yangu alikuwa wa genge la reli. Mkono wake ukasimama juu ya kikaango. "Genge la wapi?"

Nitaendelea. Kuna jambo lilitokea wakati wa kurudi, sitaki kuliandika harakaharaka.

Dereva wa Semi

Mkuu nakupa shukrani. Napita njia hiyo mara mbili kwa mwezi na mzigo wa Kigoma, na sikuwahi kuingia upande wa stesheni. Sisi tunaegesha barabarani, tunakula palipo na maegesho, tunaondoka. Swali langu ni moja tu, gari refu linapata pa kugeuzia?

Mtoto wa Kota

Usiingie nalo. Liache kwenye maegesho ya kawaida barabarani, utembee. Ni mwendo wa kunyoosha miguu tu, na wewe miguu unaihitaji.

Kijana wa Mwendokasi

Samahani wakuu, ninyi mnaisifia reli ya zamani kwa sababu hamuipandi tena. Mimi nimesoma Tabora, niliipanda miaka minne. Unatoka Dar jioni, kesho yake mchana bado uko Ugogoni. Mwaka mmoja mvua zilisomba tuta kule kwenye mabonde ya Kilosa na Gulwe, tukateremshwa tukapakiwa kwenye mabasi usiku, watu na magunia, akina mama na watoto wachanga. Leo SGR, hii reli mpya, inakufikisha Dodoma kwa chini ya saa nne, umekaa kwenye kiti safi chenye hewa baridi. Chapati ni nzuri, sikatai, ila tusililie shida.

Mtoto wa Kota

Kijana nimekusoma na sina ugomvi na wewe. SGR nimeipanda, tangu ilipofika Dodoma mwaka 2024 sijaenda kwa basi tena, na nitaipanda mpaka Mwanza siku itakapofika. Hakuna mtu anayetaka mama mwenye mtoto mchanga alale Gulwe.

Lakini ngoja nieleze chakula kile kilitoka wapi, maana mimi nimelelewa nacho. Reli ya Kati ni njia moja. Treni mbili haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni, kwa hiyo moja inaingia njia ya pembeni na kungoja nyingine ipite. Enzi za vichwa vya mvuke kulikuwa na kiu pia, kichwa kinataka maji, na kuanzia Dodoma kwenda Tabora si nchi ya maji. Basi treni ikawa inasimama, na watu mia kadhaa wana njaa mahali ambapo kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Miji imezaliwa hivyo. Kabla ya reli, mkubwa upande huu alikuwa Kilimatinde, Wajerumani wakiwa na boma lao kule ukingoni mwa bonde. Reli ikapita Manyoni, na soko, na ofisi, na chapati vikaifuata.

Na hata neno lenyewe. Fungua kamusi uangalie genge. Utakuta kundi la watu wanaofanya kazi pamoja, na utakuta mahali panapouzwa chakula. Mzee wangu anasema kwao hayakuwa mambo mawili. Genge la reli lilikuwa na kipande chake cha njia cha kutunza, wanakaza boliti, wanabadilisha mataruma, wanashindilia kokoto, wanazibua mitaro kabla ya masika. Akina mama walijua leo genge liko wapi, wakabeba vyungu wakawafuata. Chakula kikawa pale lilipo genge. Sasa mtu anakuambia "nimepitia gengeni kununua nyanya" na hajui kwamba amemtaja baba yangu.

Kwa hiyo sililii shida, ndugu yangu. Naulizia wale waliotulisha wakati wa shida wanaenda wapi, kwa sababu dirisha la treni mpya halifunguki.

Binti wa Saranda

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Mimi ni wa Saranda. Mama yangu aliuza kuku stesheni, na bibi yangu kabla yake. Mnaosafiri mnasema "kuku wa Saranda" kama mnavyosema asali ya Tabora au chumvi ya Uvinza, na ni kweli jina lilienda mbali, lakini nataka niwaeleze lilivyopikwa.

Kuku anachinjwa mapema, anachemshwa na chumvi, anawekwa kando. Hakaangwi bado. Ukimkaanga mapema treni ikichelewa anakauka, na mteja wa dirishani anamwona kwa macho kabla hajamgusa. Basi unasubiri habari. Mtu anatumwa kwa stesheni masta, "treni iko wapi?" Akisema imeondoka Bahi, moto unawashwa. Akisema imeondoka Kintinku, mafuta yanachemka na kuku anaingia. Ikipiga honi kule chini, wewe unatoka mbio na beseni kichwani, mvuke bado unapanda. Ndiyo maana walikuwa wa moto. Hapakuwa na siri nyingine.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kugusa reli. Unaweka kiganja juu ya chuma, unasikia inatetemeka kabla hujaona taa. Treni ikichelewa, na mara nyingi ilichelewa, ilikuja saa tisa za usiku, saa kumi alfajiri, na hao abiria wa alfajiri ndio walionunua zaidi, maana wameamka na baridi na hawajui wako wapi. Mama alikuwa anawaambia, "Saranda hapa baba, bado mlima tu mfike Manyoni." Anawauzia kuku na anawapa habari.

Kuna sheria hatukuivunja. Unampa mteja kuku kwanza, kisha unapokea hela. Kichwa kikianza kuvuta na hela bado, unakimbia na dirisha. Wengine walitupa noti chini kwenye kokoto tukaziokota. Wengine hawakutupa. Lakini mama hakuwahi kuomba hela mkononi kabla, alisema mtu mwenye njaa aliye safarini haombwi dhamana. Nimesoma mpaka chuo kwa kuku hao.

Mkuu Mtoto wa Kota, umeuliza wanaenda wapi. Mama yangu sasa anafuga, anauza kuku wazima kwa wanaopeleka Dodoma. Wenzake wawili walihamia barabarani. Mmoja alirudi, alisema basi linasimama dakika kumi na watu wanakimbilia choo, hakuna anayekuangalia usoni.

Kijana wa Mwendokasi

Dada nimesoma mara mbili. Nimenunua kwa mama yako, hakuna namna sikununua, miaka minne ile. Na kama kuna siku niliondoka na kuku bila kulipa, ilikuwa treni, haikuwa mimi. Nipe namba ya kutuma kitu kwa njia ya ujumbe wa siri, tafadhali.

Binti wa Saranda

Kaka, mama amecheka nilipomsomea. Anasema umeshasamehewa tangu mwaka huo, ila kuku ukimtaka tena uje mwenyewe.

Msafiri wa Voi

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu wa Tanzania. Mada hii imenigusa kwani na sisi huku reli ndiyo iliyotufunza kula njiani.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Miaka ya mwanzo treni hazikuwa na behewa la chakula. Abiria walishushwa hapa kwetu Voi wakala chakula cha jioni katika nyumba ya wageni ya reli, kisha wakapanda tena kuendelea na safari usiku. Nyanya yangu alizoea kusema mji wetu ulianza kama jikoni.

Lakini mkitaka kifungua kinywa cha reli ambacho bado ki hai, nendeni Makindu, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, na walioliasisi walikuwa wafanyakazi wa reli. Maelfu kwa maelfu ya vibarua waliletwa kutoka India kujenga njia ile, karibu 2,500 wakafia kazini, na baadhi ya waliosalia wakabaki. Hadi leo hekalu linampa chakula kila msafiri anayeingia, awe wa dini yoyote, na hakuna bei. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unanawa, unaketi. Unaletewa chapati, dengu, mboga, na chai ya maziwa iliyokolea. Ukitaka kutoa sadaka kuna kisanduku, usipotaka hakuna anayekutazama. Usiingie na sigara wala pombe.

Mimi hupita pale nikienda Nairobi asubuhi. Madereva wa malori, familia za harusi, maaskari, wote wamekaa pamoja wamefunika vichwa. Treni ya sasa, hii ya 2017, ina vituo Kibwezi na Emali, Makindu haisimami. Hekalu halijapunguza sufuria.

Dereva wa Semi

Makindu nimekula. Nilikuwa na mzigo wa Mombasa, sina hata shilingi ya Kenya mfukoni, na yule mzee wa pale akaniongeza chapati bila kuniuliza. Nathibitisha.

Mnyamwezi wa Arizona

Wakuu, niko Marekani, naendesha lori, na mara nyingi nalala kwenye miji midogo ya reli ya jangwani huku magharibi. Ninachotaka kusema ni kwamba jambo hili lilitokea na huku vilevile. Treni zao za zamani zilisimama kidogo, abiria wakauziwa chakula kibaya kwa haraka, mpaka mwaka 1876 bwana mmoja, Fred Harvey, akafungua mgahawa kwenye stesheni ya Topeka, Kansas, wenye vitambaa vyeupe mezani na chakula cha maana. Ikawa mlolongo wa migahawa njia nzima ya reli ya Santa Fe. Mhudumu ndani ya treni anauliza abiria watakula nini, telegramu inatangulia, wanaposhuka chakula kiko tayari. Dada, ni ileile ya mama yako kuuliza kama treni imetoka Bahi.

Mji wa Winslow, hapa Arizona, una hoteli ya namna hiyo iliyofunguliwa 1930, inaitwa La Posada. Ilifungwa 1957, chumba baada ya chumba kikageuzwa ofisi za reli, kisha mwaka 1997 ikafunguliwa tena. Unakunywa kahawa yako, nje treni za mizigo zinapita, ndefu hujapata kuona, makontena mawili mawili yamebebana. Watu wanaendesha gari masaa mengi kuja kula hapo. Kuta zina picha za wahudumu wa zamani, na hapo ndipo ninapofikiria nyumbani, maana babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya misafara mpaka pwani, na reli ilipokuja ndio waliokuwa wengi kwenye majembe yaliyochimba tuta kutoka Dar 1905 mpaka Kigoma 1914. Mstari uleule, miguu ileile. Ningependa siku moja niingie mahali Tabora nikute picha zao ukutani wakati nakunywa chai.

Mtoto wa Kota

Ahsante Mnyamwezi. Hilo la picha limenifanya nimalizie niliyoahidi.

Kurudi tulikuwa na mzee. Tulimfuata Kigoma, kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho na tumempatia miadi Dar. Ana miaka themanini na moja. Toka Kigoma mpaka Tabora hakusema sana, anaangalia nje anavyoweza, jicho moja linaona zaidi ya jingine. Tulilala Tabora, kesho yake tukaondoka usiku usiku ili tuwahi Manyoni chai isiishe. Sikumwambia tunakokwenda. Watoto walikuwa wanabanana wasiseme.

Tukafika saa tatu kasoro. Nikamshika mkono, tukaingia. Mama akamwamkia, akamwita mzee wa genge kabla sijamtambulisha, kumbe alikuwa anakumbuka. Akamkalisha benchi la dirishani, upande wa kutazama reli. Mzee akapapasa meza, akapapasa mbao ya dirisha, akalipandisha, akalishusha. Akasema, "Hili linakwama kama yale ya kweli."

Kisha akataka asogezwe ukutani. Akawa anasoma kwa kidole, pua iko karibu na rangi, kuanzia Kigoma kuja huku. Uvinza. Malagarasi. Nguruka. Kaliua. Urambo. Usoke. Tabora akaigonga kwa kucha. Igalula, Goweko, Nyahua, Malongwe. Itigi. Akarudisha kidole nyuma. Malongwe, Itigi. Akageuka.

"Kazikazi iko wapi?"

Mama akaja na unga mikononi. Akasema pale kuna dirisha, marehemu alifika hapo akakuta dirisha limekula nafasi, akaruka. Akasema marehemu mwenyewe lilimkera mpaka anafariki.

Mzee hakukasirika, lakini hakutoka. Alituambia kitu ambacho mimi mwanawe sijawahi kukisikia. Genge lake la kwanza lilikuwa Kazikazi, kijana wa miaka kumi na tisa, kichaka kile cha Itigi kimefunga pande zote, huwezi kupenya hata ukitaka kujificha jua. Maji yaliletwa kwa treni kwenye behewa la tangi. Kama tangi halikuja, mlikunywa mlichobakiza. Asubuhi kiberenge kinawapita na mnyapara anawapungia kutoka juu. Walikuwa watu kumi na wawili, wawili wamezikwa kando ya njia, na hapo akataja majina yao, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu familia zao zipo. Akasema, "Treni haikuwa inasimama pale kwa chakula. Hatukuwa na cha kuuza. Lakini bila Kazikazi hakuna aliyefika Itigi kula."

Mama akaingia ndani akatoka na kopo la rangi nyeusi, imekauka juu, chini bado. Hakuna brashi. Akachana kipande cha kitenge akakifunga kwenye kijiti. Mzee macho hayamruhusu, kwa hiyo mwanangu mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, akapanda juu ya benchi, babu yake akamshika kiuno na kumwambia herufi moja moja. K. A. Z. Imeandikwa juu ya fremu ya dirisha, imepinda kidogo, I ya mwisho imeshuka kwenye mbao. Mzee akaomba aongezewe kijiti cha kukatisha mstari, kama stesheni nyingine. Kikaongezwa.

Ndipo akakaa akala. Aliomba daraja la tatu. Mama akamwekea na supu ya kuku, akamwambia wafanyakazi wa reli wana pasi.

Tulikaa pale saa moja na nusu. Nilikuwa nimepanga dakika ishirini. Treni ya mizigo ikapita ikielekea Dodoma, polepole, na mama akatoka akagonga kile kipande cha reli mara tatu, anafanya hivyo kila treni inapopita, ni kawaida yake tangu mume wake aondoke. Mzee alikuwa amesimama tayari dirishani, mkono wa kulia ameunyoosha juu, hivyo ndivyo wa genge wanavyomwonyesha dereva kwamba njia ni salama. Dereva akapiga honi. Sijui kama aliuona mkono au ni honi ya kawaida ya stesheni. Mzee anasema aliuona.

Upasuaji wa jicho la kwanza ni wiki ijayo, mtuombee.

Dereva wa Semi

Mungu amjalie mzee. Napita Ijumaa. Bei zikoje kwa sasa, nijipange?

Mtoto wa Kota

La tatu 1,000, la pili 3,000, la kwanza 6,000. Chapati ya kuongeza 500. Chai anakuongeza bure kama umekaa, ukisimama hakuongezi. Fika kabla ya saa nne, baada ya hapo kuku ameisha.

Msafiri wa Voi

Mzee apone haraka. Mkija Kenya naye, Makindu ni juu yangu, ingawa hailipiwi.

Binti wa Saranda

Mwezi ujao nakwenda nyumbani, nitapanda mpaka Manyoni kuuona ukuta huo. Nitapeleka na rangi, hilo kopo limeshakauka. Niambie tu kitu kimoja, Saranda ameiandika kubwa kiasi gani?

Mtoto wa Kota

Kubwa kuliko Dodoma. Na pembeni amechora kuku.